Jua la Mtae na Jedwali la Futari

Twataka leo kuwasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe, nyumbani kwetu Mtae, katika Ramadhani ya mwaka 1446 Hijria, iliyoangukia mwezi wa Machi 2025. Si jambo la kujisifia. Lilianza kwa kosa, na katikati yake mna kosa la pili lililo baya kuliko la kwanza, ambalo twaona haya kulitaja. Lakini vijana wengi wa Kiislamu siku hizi wanajifunza kazi ya kompyuta, na wazazi wao hupenda kujua kazi hiyo ina adabu gani. Huenda kisa hiki kikawafaa zaidi kuliko mawaidha matupu.

Asiyeijua Mtae na afikiri kijiji kilichokaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, mwisho kabisa wa Usambara ya Magharibi. Basi litokalo Lushoto hupita Lukozi, likapanda na kushuka kati ya mashamba ya viazi na kabichi, na lifikapo kwetu ni kama nchi imekwisha, maana mbele ya kijiji ardhi yakatika ghafula. Chini yetu, kwa takriban mita elfu moja, zimetandaa nyanda za Mkomazi. Upande wa kaskazini-magharibi yasimama milima ya Upare, na siku ambayo hewa ni safi Kilimanjaro nao huonekana kwa mbali. Siku za ukungu, nazo ni nyingi, mtu haoni hata nyumba ya jirani yake.

Katika msikiti wa mtaa wetu yuko mzee mmoja mwadhini, Mwenyezi Mungu amzidishie umri. Kwa miaka mingi kawaida yake katika Ramadhani ilikuwa moja. Jioni hutoka akasimama juu ya jiwe lililo nyuma ya msikiti, akatazama magharibi. Jua likizama hurejea akaadhini. Siku za ukungu alitumia kalenda ya Tanga, akaongeza dakika nane juu ya wakati wa Magharibi ulioandikwa humo. Dakika hizo nane aliachiwa na mwadhini aliyemtangulia, wala hapakuwa na mtu aliyejua zilitoka wapi.

Sisi tulikuwa tumerudi kutoka chuoni Dar es Salaam, tukiwa na elimu kidogo na kiburi kingi. Tulimwendea Imamu, ambaye ni mjomba wetu, tukamwambia ya kuwa zama za kukisia zimepita. Iko programu ya kompyuta ihesabuyo nyakati za sala kwa mahali popote duniani, nasi tungeweza kuichapishia Mtae jedwali lake yenyewe, lisilo na dakika za kurithi. Mjomba akamtazama mwadhini. Mzee akasema, "Ikiwa hesabu ya kijana wetu ni bora, alhamdulillahi. Miguu yangu nayo imechoka kupanda jiwe." Karatasi ikabandikwa ukutani, karibu na saa.

Siku ya kwanza ya mfungo ilikuwa ya ukungu. Siku ya pili mbingu ilikuwa nyeupe. Bibi yetu, aliyepita miaka sabini, alikuwa ameketi kizingitini akielekea magharibi, na mbele yake bakuli la uji na tende tatu katika kisahani. Adhana ikalia kwa wakati ulioandikwa katika karatasi yetu. Tukapiga bismillahi, tukala tende, naye akala, akanywa na maji. Kisha mkono wake ukasimama.

"Mjukuu wangu," akasema kwa sauti ya chini, "na lile ni nini?"

Tulipoinua macho tuliliona jua. Halikuwa mwanga wa jua wala wekundu wa mawingu. Lilikuwa duara lake zima, jekundu, likining'inia juu ya nchi ya chini, halijagusa ardhi.

Bibi akaliweka bakuli chini. "Karatasi yako haina macho," akasema. "Nenda upesi kamwambie mjomba wako, watu wazuie mikono."

Baada ya tarawehe mjomba aliwaeleza watu yaliyotokea. Akasema kuwa aliyefuturu akidhani jua limezama, kisha ikambainikia kuwa lilikuwa halijazama, katika madhehebu yetu ya Shafi hana dhambi kwa kukosea, lakini siku ile ailipe baada ya Idi. Hakututaja jina. Bibi alipofika nyumbani alisema yeye atalipa siku mbili: moja kwa yakini, na moja kwa ile siku ya ukungu iliyokuwa na shaka. Tulitamani atugombeze. Hakutugombeza, na hilo ndilo lililotunyima usingizi.

Hapa yatupasa kueleza ni programu ya namna gani tuliyoitumia, kwa ajili ya wasomaji wasioifahamu kazi hii. Ziko programu zenye picha na vitufe, kama zile za simuni. Hii yetu ni ya mstari wa amri. Mtumiaji huandika kwa maneno: jina la programu, mahali alipo kwa latitudo na longitudo, na mwezi autakao. Akibonyeza, mara moja jedwali la mwezi mzima hujipanga mbele yake, tayari kuchapishwa. Programu za namna hii ni kama jembe: hazina pambo, lakini mwenye kuzizoea hulima shamba kubwa kwa muda mfupi.

Tena ni programu huria. Msimbo wake, yaani maandishi ambayo kwayo imetungwa, haukufichwa. Kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuwapa wengine. Fikira hii ina historia. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, wenye kutunga programu za namna hiyo, na mwaka 1989 ikatoka leseni yake ya GPL, yenye kulinda ruhusa hizo nne. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, alianza Linux. Na mwaka 2005 akatunga Git, chombo kinachohifadhi kila badiliko lililotiwa katika msimbo, pamoja na jina la aliyelitia na siku yake. Hata sisi wa Afrika Mashariki tumekunywa katika kisima hicho na kuchangia maji. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Lau msimbo wa asili ungalifungiwa kabatini, Kiswahili kingaliingizwa kwa mlango gani?

Basi usiku ule, badala ya kulala, tuliufungua msimbo wa programu yetu tukausoma. Umeandikwa kwa lugha ya C. Baada ya saa mbili tuliufikia mstari wenye siri, na ndani yake namba moja ndogo: 0.833. Maana yake ni hii. Jua huhesabiwa kuwa limezama pale kitovu chake kinapokuwa chini ya upeo wa macho kwa sehemu hiyo ya digrii, ambayo ni dakika 50 za pembe. Kati ya hizo, 34 ni kwa kuwa hewa huupinda mwangaza, ikatuonyesha jua lililokwisha kushuka. Na 16 ni nusu ya upana wa jua lenyewe. Hesabu hii ni sahihi kwa mtu asimamaye katika uwanda ulio sawa. Lakini mtu aliye ukingoni mwa mlima, mwenye uwanda chini ya miguu yake, huona mbali zaidi, na upeo wake hushuka. Jua linapokuwa limekwisha kuzama kwa mtu wa chini, kwake yeye bado lipo.

Kiasi cha kushuka huko chajulikana. Chukua kimo kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, ukizidishe kwa 1.76, utapata dakika za pembe ambazo upeo umeshuka. Na kwa kuwa jua hutembea digrii moja kwa kila dakika nne za saa, na huku kwetu karibu na Ikweta huteremka karibu wima, ni rahisi kujua litachelewa kwa muda gani.

Wala jambo hili si geni kwa Waislamu. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, mapema katika karne ya 11 alipanda mlima ulio karibu na ngome ya Nandana, katika nchi iitwayo leo Pakistani, akapima upeo wa uwanda ulivyoshuka. Alipata dakika 34 za pembe, na kwa pembe hiyo pamoja na kimo cha mlima akahesabu ukubwa wa dunia. Na katika Ramadhani ya mwaka 2011, wakuu wa dini huko Dubai waliwaambia wakaao katika jengo la Burj Khalifa, lenye urefu wa mita 828, ya kuwa walio juu ya ghorofa ya 80 wangoje dakika mbili zaidi kabla ya kufuturu, na walio juu ya ghorofa ya 150 wangoje dakika tatu. Ikiwa ghorofa zina haki hiyo, mlima wa Mtae je?

Tukaazimia kuirekebisha programu, si kwa ajili ya karatasi yetu tu, bali kwa kila aitumiaye. Kazi ilianza kwa dhiki. Mtandao kwetu ni hafifu. Ilitubidi kupanda kwenye jiwe lile lile la mwadhini ili kuupakua msimbo. Kisha hatuna budi kuukompaili, yaani kuyageuza maandishi ya mwanadamu yawe amri za mashine, na kompyuta ikakataa, ikisema maktaba moja inayohitajika haipo. Tulipoipata maktaba, umeme ukakatika. Siku ya tatu programu ilijengeka, nasi tukaendesha majaribio yake kabla ya kugusa herufi moja. Yote yalipita. Hii ni kanuni ambayo kila kijana yampasa kuishika: kabla hujatengeneza kitu, hakikisha kwanza kilikuwaje ulipokipokea.

Twataka kueleza majaribio haya, kwa kuwa ndiyo moyo wa kisa chetu. Programu njema huja na orodha ya maswali ambayo majawabu yake yanajulikana kwa njia nyingine. Kwa mfano: siku fulani, katika mji fulani, Magharibi ni saa ngapi? Kila mtu anapoubadili msimbo, maswali yote huulizwa upya, na majawabu ya programu hulinganishwa na yaliyoandikwa. Likitofautiana moja, jaribio limeanguka. Kwa hiyo majaribio ni kama mawe ya mizani dukani. Bidhaa huja na kuondoka, bali jiwe la kilo hubaki kilo.

Ndani ya programu mlikuwa na orodha ya miji, na kwa kila mji kimo chake juu ya usawa wa bahari, lakini kimo hicho hakikutumiwa katika hesabu ya Magharibi. Tukakitumia. Kwa Mtae tuliandika mita 1,600. Kipeuo chake ni 40, mara 1.76 ni dakika 70 za pembe. Jua likachelewa dakika nne na zaidi ya nusu. Tukafurahi, tukaendesha majaribio. Mtae haikuwamo katika majaribio, lakini Nairobi ilikuwamo, na Nairobi ikaanguka. Programu yetu iliichelewesha Magharibi ya Nairobi kwa karibu dakika tano.

Sasa lisikieni kosa la pili. Hatukusimama tukauliza kwa nini. Tulijiambia ya kuwa jawabu la Nairobi liliandikwa na watu wasiojua habari za vimo. Tukalifuta, tukaandika mahali pake jawabu lililotoka katika programu yetu wenyewe. Tukaendesha tena, na majaribio yote yakapita. Tukayatuma mabadiliko yetu kwa mtunzaji wa programu, pamoja na maelezo marefu yenye jina la al-Biruni ndani yake.

Tazama, ndugu msomaji, tulilolifanya. Mwenye duka alipima sukari yake, akaona haifiki jiwe la kilo. Badala ya kuongeza sukari akalichonga jiwe. Nasi tulifanya hivyo katika mwezi wa Ramadhani, hali tumefunga, tukidhani twaitumikia dini.

Mtunzaji wa programu ile ni mtu wa mbali. Uso wake hatujauona, wala dini yake hatuijui. Baada ya siku nne alitujibu kwa maneno machache ya adabu. Alitushukuru kwa habari ya Mtae, kisha akauliza maswali mawili. La kwanza: jawabu jipya la Nairobi limepimwa na nani? La pili: kimo hiki ni kimo juu ya kitu gani?

Swali la kwanza lilitutoa jasho. La pili lilitufungua macho. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, lakini bahari haionekani Nairobi. Mji umekaa juu ya uwanda ulio juu vile vile, na upeo wake u sawa nao. Lushoto yetu wenyewe iko karibu mita 1,400, lakini mji umo bondeni, umezungukwa na vilima. Kinachoushusha upeo ni kimo cha mtu juu ya ile nchi anayoitazama jua likizamia, wala si kimo chake juu ya bahari asiyoiona. Kwetu Mtae kimo hicho ni kama mita elfu moja, si elfu moja na mia sita. Lau badiliko letu lingalipokelewa, Waislamu wa mji mzima wa Nairobi watumiao programu ile wangalingoja dakika tano bure, ilhali sunna ni kuharakisha kufuturu mara jua lizamapo. Na kwa hesabu hiyo hiyo kuchomoza kwa jua kungalitangulia, mtu akaidhani Alfajiri imempita, na kumbe wakati ungalipo. Tulitaka kuondoa kosa katika nyumba moja, tukawa karibu kulitia katika nyumba elfu tusizozijua.

Tulikwenda kwa mjomba. Tulimkuta anafundisha madrasa. Tukangoja wanafunzi watoke, kisha tukamweleza yote, hata habari ya jiwe la mizani. Tukamwambia kuwa twaweza kulinyamazia swali la kwanza na kujibu la pili tu, kwa kuwa la pili lina elimu ndani yake.

"Na yeye alikuuliza mangapi?" akasema mjomba.

"Mawili, mjomba."

"Basi jibu mawili."

Usiku ule tuliandika: jawabu la Nairobi halikupimwa na mtu, tulilibadili sisi ili jaribio lipite, twalirudisha kama lilivyokuwa, nasi twaomba radhi. Maneno hayo yamehifadhiwa huko pamoja na jina letu, na kila atakaye aweza kuyasoma. Git haisahau. Zamani tungaliona ni aibu kubwa. Sasa twaona ni afadhali maandishi ya kukiri kosa kuliko karatasi safi ya uongo.

Kazi ya pili ilikuwa ya polepole. Tulimwendea mwadhini, tukambusu mkono, tukamwomba arudi juu ya jiwe. Yeye atazame, sisi tushike saa. Masika yalitunyima mengi. Mwezi wa Juni mvua zilikwisha, lakini siku hizo jua huzama upande wa kaskazini zaidi, nalo likajificha nyuma ya milima ya Upare mapema kuliko hesabu. Tukataka kuandika. Mzee akatuzuia, akasema, "Kujificha si kuzama. Ngojeni giza lipande mashariki." Ndipo tulipofahamu ya kuwa programu haijui milima iliyoko mbele ya mtu, na ya kuwa jambo hilo halina dawa ya hesabu fupi, litaandikwa wazi katika maelezo yake.

Mwezi wa Novemba na Disemba 2025, jua lilipohamia kusini-magharibi, ambako nchi ni wazi zaidi, tulipata jioni tisa safi. Kila jioni mzee aliita, "Limezama!" nasi tukaandika saa, dakika na sekunde. Jua la Mtae lilichelewa kuliko hesabu ya zamani kwa dakika tatu na nusu hadi nne. Kwa mita elfu moja kanuni yatoa dakika 56 za pembe, yaani dakika tatu na robo tatu za saa. Jicho na hesabu vilipeana mikono.

Jioni moja, tukiwa bado juu ya jiwe, tulikumbuka zile dakika nane. Tanga iko mashariki yetu kwa kadiri ya sehemu tisa katika kumi za digrii. Jua hutoka kwao likaja kwetu kwa muda wa dakika tatu na nusu. Ongeza tatu na robo tatu za mlima: ni saba na robo. Itimize iwe nane kwa tahadhari. Tulimweleza mzee. Akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Mwalimu wangu aliniambia nane, wala sikumwuliza." Sisi ndio tuliozifuta dakika zile, tukaziita za kurithi, kama kwamba kilichorithiwa hakikupimwa na mtu hapo mwanzo.

Badiliko tulilolituma mara ya pili lilikuwa la unyenyekevu. Hesabu ya kila mji ilibaki kama ilivyokuwa, na Nairobi ikarudishiwa jawabu lake. Tuliongeza amri mbili ambazo mtu akitaka huziandika: moja ya kimo chake juu ya nchi ya magharibi aionayo, na moja ya upande wa mashariki, kwa kuwa upeo wa pande hizo mbili aghalabu haufanani. Asiyeziandika hatabadilikiwa na kitu. Kisha tukaongeza jaribio jipya liitwalo Mtae, lenye zile jioni tisa, na juu yake tukaandika ya kuwa nyakati hizi zilipimwa kwa macho ya mwadhini mzoefu. Mistari ya msimbo ilikuwa kumi na tisa. Ya majaribio na maelezo ilizidi mia. Mtunzaji aliturudishia mara tatu: hapa jina la amri halieleweki, pale jaribio halielezi limetoka wapi, na pale tumesahau kusema habari ya milima. Mara ya nne aliipokea. Sasa mtu aliye juu ya jabali popote duniani, akitaka kufunga kwa yakini, anayo amri ya kuandika, na jaribio la Mtae huulizwa kila mtu mwingine anapoubadili msimbo ule.

Kutokana na haya twawausia vijana wenzetu mambo machache. Usitosheke na kuitumia kazi ya wengine bure. Ukiona kasoro, changia. Lakini uchangiapo kazi ya hadhara, kumbuka kuwa waweka mkono katika chungu cha watu usiowajua. Jaribio likianguka usilichukie, maana limekuja kukuamsha. Uliza kwanza, kabla hujalibadili. Na ukiulizwa mawili, jibu mawili. Wazazi nao tunawaomba wasidhani ya kuwa elimu hii yawatenga vijana na wazee. Jaribio bora tulilolipata halikutoka chuoni. Lilitoka juu ya jiwe nyuma ya msikiti.

Jedwali la Ramadhani ya mwaka 1447 tulilichapisha kwa programu hiyo hiyo. Chini yake mjomba alituamuru tuandike kwa herufi kubwa: SIKU ISIYO NA UKUNGU, TAZAMA JUA. Tulipolileta nyumbani, Bibi alivaa miwani yake akalisoma taratibu mpaka mwisho. Siku zake mbili alikuwa amekwisha kuzilipa tangu Shawwal, katika baridi ya Mtae, bila ya kumwambia mtu. Tulijua kwa sababu hakugusa uji wa asubuhi. Akaikunja karatasi, akaiweka chini ya mkeka wake wa kusalia, kisha akakivuta kigoda chake mpaka kizingitini, akakielekeza magharibi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azikubali funga za wazee wetu, atusamehe makosa yetu ya kujua na ya kutojua, na atujaalie kuwa waaminifu katika kila mizani tunayoishika. Amin.